Watani wa Jadi: Asili na Maana ya Msemo wa Kandanda

Miongoni mwa misemo ya michezo ambayo wanafunzi wetu huisikia katika redio za Tanzania, kisha wakatuletea darasani wakitaka ufafanuzi, ni michache inayorudiwa mara nyingi kama ule wa "watani wa jadi". Kila zinapokaribia kupambana timu za Simba na Yanga za Dar es Salaam, mtangazaji husema kwamba watani wa jadi watakutana uwanjani. Mwanafunzi hufungua kamusi, akaona ya kuwa mtani ni mtu wa kufanyiana naye mzaha, na kwamba jadi ni asili ya mtu kutoka kwa babu zake. Hapo hushangaa. Watu anaosimuliwa habari zao wamegawana majukwaa kwa rangi za jezi, hawapeani mkono, na wengine hawalali usiku wa kuamkia mchezo. Iweje waitwe kwa jina la masihara?

Swali hilo ni la haki, wala halijibiki kwa kufasiri neno moja moja. Katika makala haya tumekusudia kueleza msemo huu ulikotoka, desturi iliyouzaa, na njia uliyopitia hata ukafika katika kandanda. Tutaona pia kwamba ndani yake mna sharti ambalo wengi wautumiao siku hizi wamelisahau. Sharti hilo, kwa maoni yetu, ndilo roho ya msemo wenyewe.

Maneno mawili na maana zake

Yafaa tuanze na sarufi, maana mara nyingi sarufi hutunza mambo ambayo watu wameyaacha. Kitenzi chetu ni kutania. Lakini si kila anayetania ni mtani. Mtu yeyote aweza kumtania mwenziwe kwa siku moja, kisha yakaisha. Mtani ni mtu mwenye nafasi maalumu, na nafasi hiyo huipata kwa kuzaliwa au kwa ndoa. Kwa hiyo "Juma ananitania" na "Juma ni mtani wangu" ni habari mbili mbalimbali. Ya kwanza yaeleza tendo; ya pili yaeleza uhusiano ambao hudumu hata siku ambayo hapana mzaha wowote.

Tena tuitazame kauli ya kutendana: kutaniana. Utani hauwi wa upande mmoja. Anayetania hana budi kukubali kutaniwa. Mkubwa akimcheka mdogo asiyeruhusiwa kujibu, huo si utani bali ni uonevu, hata kama waliopo wote wanacheka.

Hapa mwalimu atapata nafasi ya kuyapambanua maneno ambayo wanafunzi aghalabu huyachanganya. Mzaha na masihara ni ya wakati mmoja, hayahitaji uhusiano. Dhihaka na kejeli hukusudia kumshusha mtu. Matusi huvunja heshima yake. Utani waweza kutumia maneno makali kama ya matusi, lakini hauvunji heshima, kwa kuwa pande zote mbili zinaijua ruhusa iliyopo baina yao. Neno lile lile likitoka kinywani mwa mtani huwa salamu. Likitoka kinywani mwa mgeni huwa ugomvi.

Neno la pili, jadi, asili yake ni Kiarabu, ambako jadd ni babu. Katika Kiswahili limepanuka likawa na maana ya ukoo, asili na mapokeo, kama tusemapo mila na jadi, au ngoma za jadi. Basi mtani wa jadi ni mtani wa kurithi. Hukumchagua, naye hakukuchagua. Mlikutwa hivyo na babu zenu, na hamna uwezo wa kuuvunja uhusiano huo kwa sababu mmoja wenu ameamka vibaya leo.

Utani wa mababu

Katika Tanzania bara utani ulikuwa, na mahali pengi bado ni, wa namna tatu. Kwanza ni utani wa ndugu: babu na wajukuu zake, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, mtu na shemeji yake. Pili ni utani wa koo. Tatu ni utani wa makabila, na huu ndio uliotia mizizi mirefu katika maisha ya taifa. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani wa Wazaramo. Wangoni wana utani na Wahehe. Wapare hutaniana na Wachaga.

Utani wa makabila hueleweka kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni vita. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakielekea kaskazini, na katika miaka iliyofuata walipigana na wengi. Na Wahehe walipigana vita vikali katika miaka ya 1870 na mwanzo wa miaka ya 1880, bila ya upande mmoja kuufuta mwingine. Silaha zilipowekwa chini, watu waliokuwa wakiogopana walibaki kuwa majirani. Yaliyosalia ya vita yakageuzwa kuwa maneno. Mjukuu wa huyu humwambia mjukuu wa yule, "Wewe ni mtumwa wangu, babu yangu alimteka babu yako," naye hujibiwa vivyo hivyo, na wote wawili hucheka. Mkuki umekwisha kulala. Ulimi ndio uliobaki macho.

Njia ya pili ni safari. Katika karne ya 19 maelfu ya Wanyamwezi walichukua mizigo kutoka Tabora hadi Bagamoyo na pwani nyingine, wakipita katika nchi za watu wengi kabla ya kuiona bahari. Safari ya miezi miwili au mitatu ina njaa, ina homa, ina kifo. Mpagazi akianguka njiani katika nchi isiyo yake, ni nani atakayempa maji? Na akifa, ni nani atakayemzika? Jibu la maswali hayo lilikuwa mtani. Mwenye utani na wenyeji aliweza kuingia katika kaya ya mtu, akachukua chakula pasipo kuitwa mwizi, akamtukana mwenye nyumba kwa kicheko, akapewa mahali pa kulala. Kwa hiyo utani haukuwa mchezo wa wasio na kazi. Ulikuwa akiba ya msafiri asiye na ndugu karibu.

Wataalamu wameuandikia sana uhusiano huu. A. R. Radcliffe-Brown, mwaka 1940, alieleza kwamba watu wa namna hii wameunganishwa na pia wametenganishwa kwa wakati mmoja, na mzaha ulioruhusiwa ndio unaowawezesha kuyabeba yote mawili bila ya kupigana. R. E. Moreau alichapisha mwaka 1944 uchunguzi juu ya utani wa Tanganyika. Katika miaka ya 1970, Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya habari nyingi za utani kutoka katika makabila ya Tanzania.

Mtani msibani

Anayetaka kuujua utani asiutafute penye karamu, autafute penye msiba. Hapo ndipo haki ya kutukana inapolipiwa gharama yake.

Mtu akifa, watu wa nyumba yake hulemewa na huzuni wasiweze kutenda. Mtani ndiye anayeshika kazi. Mahali pengi watani ndio wachimbao kaburi, na hushughulika na maji, kuni na mapishi. Lakini pamoja na kazi hizo, mtani huleta jambo ambalo mtu mwingine angefukuzwa kwalo: huleta kicheko. Huiga mwendo wa marehemu na sauti yake. Huvaa nguo zake akapita mbele ya wafiwa. Wengine hushuka kaburini wakalala humo, wakakataa kutoka mpaka walipwe. Mfiwa aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu alfajiri hujikuta akitabasamu na machozi yangali shavuni. Kukasirika ni mwiko.

Hii ndiyo maana tunayotaka isisitizwe. Ruhusa ya kumwambia mtu lolote hupewa yule tu atakayemzika. Anayekucheka leo ukiwa mzima ndiye atakayekubeba kesho. Ukiondoa wajibu huo, utani hubaki matusi yaliyopambwa.

Kutoka kijijini hadi uwanjani

Dar es Salaam ni mji uliokusanya watu wa makabila mengi, na kila mmoja alikuja na watani wake. Mnyamwezi aliyefika mjini bila ndugu alimkuta Mzaramo mtani wake. Polepole utani ukavuka mipaka ya makabila yenyewe. Wakazi wa mtaa mmoja, wafanyakazi wa kiwanda kimoja na wapenzi wa klabu moja ya ngoma wakaanza kuitana watani. Desturi ya njiani ikawa desturi ya mitaani.

Katika mazingira hayo ndipo kandanda ilipostawi. Klabu ya Young Africans, ambayo wenyeji waliifupisha wakaiita Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ilizaliwa klabu ya pili, na masimulizi ya wapenzi wa mpira husema kwamba walioiunda walijitenga kutoka katika ile ya kwanza. Hiyo ya pili iliitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Klabu zote mbili zimeweka makao katika eneo la Kariakoo, mtaa ambao jina lake lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Yanga wako Jangwani, Simba wako barabara ya Msimbazi. Mtu huweza kwenda kwa miguu kutoka kwa hawa hadi kwa wale.

Tukiyatazama hayo kwa macho ya desturi tuliyoieleza, tutaona ni kwa nini neno utani lilikaa vizuri hapa. Klabu hizi zinasimuliwa kuwa zimetoka tumbo moja, kisha zikatengana. Zinaishi jirani, wala haziwezi kuepukana. Mashabiki wake hukaa nyumba moja, mume Simba na mke Yanga, au baba Yanga na mwana Simba. Tangu mwaka 1936 zimepita enzi za watu kadhaa, na wengi wa wapenzi wa leo hawakuchagua timu, bali waliirithi kwa baba au kwa mjomba. Neno jadi, ambalo mwanzoni huenda lilisikika kama chumvi ya watangazaji, sasa limekuwa kweli tupu.

Na kama watani wa kale walivyokuwa na vita vya kukumbushana, hawa nao wana matokeo. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga walifunga mabao matano kwa sifuri. Tarehe 19 Julai 1977 Simba walijibu kwa mabao sita kwa sifuri, matatu yakiwa ya Abdallah Kibadeni. Tarehe 6 Mei 2012 Simba walifunga tena matano kwa sifuri. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walishinda kwa matano kwa moja, na kwa majuma mengi vidole vitano vilivyonyoshwa mtaani vilitosha kuwa tusi zima pasipo neno. Kila upande una cha kujivunia na cha kuonea haya. Bila ya hayo mawili pamoja, kutaniana kusingewezekana, maana asiye na doa hataniki.

Mifano ya karibu yetu

Wasomaji wa nchi zetu hizi jirani wasidhani kwamba jambo hili ni la Dar es Salaam peke yake. Nchini Kenya, mchezo wa Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, na AFC Leopards, iliyoundwa mwaka 1964, huitwa dabi ya mashemeji. Klabu ya kwanza ina mizizi kwa Wajaluo, ya pili kwa Waluhya, na watu hawa ni majirani wanaooana. Hapa pia wapenzi wa mpira walichukua jina la udugu wakawapa washindani, na wakachagua udugu ule ule ambao desturi imeuruhusu mzaha: ushemeji.

Nchini Rwanda kulikuwa na uhusiano wa koo ulioitwa ubuse. Watu wa koo za Abasinga, Abagesera na Abazigaba walikuwa na haki ya kuwatania wengine, na pia walikuwa na wajibu ambao mwingine hangeweza kuutimiza, kama vile kushiriki katika kukifungua kiwanja cha nyumba mpya. Hapo tena haki na wajibu vilikwenda pamoja. Nchini Zambia, Wabemba na Wangoni, waliopigana zamani, hutaniana mpaka leo.

Hata lugha za mbali zilipata kuliona jambo hili. Katika Kilatini, rivalis, neno lililozaa jina la mshindani katika lugha kadhaa za Ulaya, asili yake ni mtu anayechota maji na mwenziwe katika kijito kimoja. Wanaogombana ni wale wanaoshirikiana kitu. Tofauti ni kwamba lugha hizo zimekisahau kijito, ilhali Kiswahili bado kinamkumbuka mtani.

Mtani si hasimu

Siku hizi, katika magazeti na redio, twakuta msemo mwingine ukishika nafasi ya ule wa kwanza: "mahasimu wa jadi". Anayeandika hivyo huenda anadhani amebadilisha neno kwa kutaka ladha tu. Sivyo. Hasimu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mtu mwenye uadui au kesi nawe. Hana wajibu wowote kwako. Hasimu akifiwa, hakuna anayemtazamia afike. Kwa kubadilisha neno moja tumeondoa nusu ya maana: tumebakiza ushindani, tumefuta maziko.

Na jambo hili si la kamusi peke yake. Mashabiki wanaopigana, wanaorusha mawe na chupa, wanaomtukana mama wa mchezaji, hujitetea kwa kusema, "Huu ni utani wetu." Hapana. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha, na utani usio na mipaka si utani. Sisi wa nchi hizi tunayo sababu kubwa kuliko wengine ya kulipima neno kabla ya kulitoa. Mwaka 1994 nchini Rwanda, maneno ya kuwadunisha watu, yaliyorudiwa redioni kama kichekesho, yalikuwa yametangulia mauaji. Wale waliocheka hawakuwa watani, kwa kuwa hawakuwa tayari kuwazika waliowacheka wala kuchekwa nao.

Upande wa pili wa utani huonekana siku za majonzi. Katika ule ushindi wa Simba wa tarehe 6 Mei 2012, mmoja wa wafungaji alikuwa Patrick Mafisango, mzaliwa wa Kongo aliyeichezea timu ya taifa ya Rwanda. Na Emmanuel Okwi wa Uganda alifunga mawili. Siku 11 baadaye, tarehe 17 Mei, Mafisango alikufa katika ajali ya gari jijini Dar es Salaam. Mtu aliyekuwa sehemu ya utani wa mji mzima akawa maiti ya mgeni, mbali na kwao, mfano wa yule mpagazi wa njia ya Tabora. Kwa sheria ya utani, siku ya namna hiyo haiulizwi ni nani aliyefungwa. Anayepaswa kubisha hodi wa kwanza ni yule aliyefungwa mabao matano.

Kazi yetu darasani

Mwalimu aweza kuutumia msemo huu kwa manufaa makubwa. Kwanza, awape wanafunzi maneno matano, yaani adui, hasimu, mpinzani, mshindani na mtani, wayatungie sentensi na waeleze ni yupi kati yao anayealikwa harusini, na ni yupi anayetazamiwa msibani. Zoezi hilo hufundisha zaidi ya kurasa nyingi za maelezo. Pili, awatume nyumbani wakawaulize wazee kama ukoo wao una watani, ni akina nani, na wajibu wao ulikuwa upi. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, hata kama yalitolewa kwa lugha nyingine. Tatu, watunge mazungumzo mafupi ya watani wawili baada ya mchezo, mmoja ameshinda na mwingine ameshindwa, kwa sharti kwamba yaishie kwa jambo la kusaidiana. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema. Nasi twaongeza kwamba asiyekubali kutaniwa si mtani.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mwalimu asiruhusu mizaha ya makabila baina ya watoto ambao desturi haikuwafanya watani. Mzaha huo ni mali ya walioridhiana, haukopwi.

Basi mwanafunzi akiuliza kwa nini Simba na Yanga huitwa watani ilhali wanashindana vikali hivyo, jibu letu liwe hili: huitwa hivyo kwa kuwa wanashindana sana, na kwa kuwa hata hivyo hawawezi kutupana. Jina walilopewa ni deni. Kila mtangazaji anapolitamka kabla ya mchezo, anawakumbusha walio pande zote mbili za uwanja ni nani atakayefika kwao siku ya huzuni.